Insha Zangu Kwenye Mizani ya Uingereza

Nilipokuwa kijana niliamini, kwa moyo wote na kwa mapafu yote mawili, kwamba insha zikifika Uingereza hazisomwi. Zinapimwa. Niliambiwa kuna jumba, kubwa kuliko soko la Mbeya ukilijumlisha na uwanja wa mpira, na katikati ya jumba hilo imening'inia mizani yenye sahani mbili za shaba, kila sahani pana kiasi cha kulaza ng'ombe wawili na ndama wao. Insha za wanafunzi wa dunia nzima humwagwa pale kwa koleo. Iliyo nzito imefaulu. Iliyo nyepesi hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe hurudi kulima.

Aliyenipa habari hiyo alikuwa mshona magunia. Tulifanya kazi pamoja katika ghala la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, pale Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa karani wa mizani. Wakulima walishuka milimani na maua yao makavu, mimi nikasoma ratili kwa sauti, na mwenye ghala, Mhindi mmoja aliyekijua Kisafwa kuliko Wasafwa wenyewe, akabishana nao mpaka wote wakacheka. Mshona magunia alikaa mlangoni na sindano ndefu ambayo, kama angepewa uzi wa kutosha, ingeweza kuishona Mbeya na Chunya zikawa wilaya moja. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, nami nilimwita kaka. Yeye aliniita mwandishi, kwa kunitania, tangu siku aliponikuta nasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari.

Siku niliyomweleza kwamba nimejiandikisha masomo ya jioni, na kwamba insha zetu zitapelekwa mpaka Uingereza kusahihishwa, aliweka sindano chini.

“Zisahihishwe na nani?”

“Na walimu wa huko.”

Akacheka hadi vumbi la pareto likapanda. “Hebu nijibu, mwandishi. Pareto yetu ikitoka hapa inakwenda wapi?”

“Ulaya.”

“Inapokewaje?”

“Kwa mizani.”

“Kahawa ya kwenu Rungwe?”

“Kwa mizani.”

“Chai? Dhahabu ya Chunya? Magome ya miwati ya Njombe?”

“Mizani, kaka. Mizani, mizani.”

“Sasa karatasi zako wewe ndizo zisomwe? Wewe nani, mtoto wa Gavana?”

“Lakini walimu wapo.”

“Wapo. Wana macho mangapi?”

“Mawili.”

“Haya. India inawaandikia. Uganda inawaandikia. Sasa na wewe wa Ilomba umeanza kuwaandikia. Kwa macho mawili!”

Sijawahi kusikia hoja iliyokaa sawasawa kama ile. Kila kitu kilichotoka nyanda zetu kwenda Ulaya kilipita juu ya sahani ya chuma, na mimi mwenyewe ndiye niliyekiweka. Ningewezaje kudhani kwamba maneno yana njia yake ya pekee?

Na mimi nilikuwa na haja kubwa ya kuijua njia hiyo, kwa sababu duniani nilitaka kitu kimoja tu, nacho ni kuwa mwandishi. Si karani wa kuandika majina ya watu. Mwandishi, yule ambaye mtu asiyemjua anafungua karatasi yake na kusahau chungu jikoni. Mafunzo yale yalikuwa na ngazi zake: unaandika insha za jioni, ukifanya vizuri unaitwa Iringa kuhojiwa, ukichaguliwa unakwenda kusoma Uingereza mwaka mzima, na mwisho wa mwaka unapewa cheti cha uandishi au unanyimwa. Ukinyimwa, pareto ipo, inakusubiri.

Darasa letu lilikuwa chumba cha misheni chenye madawati ya watoto wadogo. Sisi watu wazima tulikaa magoti yakigusa masikio, kama panzi. Taa ya karabai ilivuma juu ya vichwa vyetu, na ukungu wa jioni uliingia dirishani bila kubisha hodi ukakaa na sisi, hata mtu wa dawati la nyuma akawa kivuli tu chenye kalamu. Nguo zangu zilinuka pareto, na kwa ajili hiyo hapakuwa na mbu wala nzi hata mmoja katika chumba kile. Wenzangu waliniheshimu kwa hilo kabla hawajaniheshimu kwa lingine lolote. Mwalimu wetu alikuwa Mbena mpole, aliyefundisha watoto mchana na sisi jioni, na sauti yake ilikuwa laini kiasi kwamba dereva wa lori tuliyesoma naye alikuwa akilala na kuota somo lenyewe, akiamka anajibu maswali sawasawa.

Insha ya kwanza tulitakiwa kueleza soko. Nikaanza na barabara ya kwenda sokoni, nikapita kwa kila muuzaji, nikaeleza ndizi moja moja na kila ndizi nikaipa ukoo wake. Nilieleza vidole vya mama aliyefunga viazi kwa majani, jinsi kidole gumba kilivyokuwa kinafikiri peke yake. Nilieleza mbwa. Nilieleza kivuli cha mbwa. Karatasi zilipokwisha nikanunua nyingine, na mwalimu aliponiona naileta kwa mikono miwili alisimama kunipokea mzigo.

“Baba wee,” akasema, “hii ni insha au ni mahari?”

“Ni insha, Mwalimu.”

Akasoma kurasa za mwanzo akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akaendelea. “Umemweleza huyu mama wa viazi mpaka nimetaka kumsalimia. Lakini punguza, ndugu yangu. Punguza.”

Nilidhani ananionea huruma kwa ajili ya stempu. Sikumwuliza habari za mizani. Mtu haulizi jambo lililo wazi. Huulizi kama mvua inanyesha kwenda chini.

Kesho yake nikaenda posta. Karani wa posta akaipokea bahasha yangu, akaitazama, na mbele ya macho yangu, jamani, akaiweka kwenye mizani.

Nilirudi ghalani nikikimbia. “Kaka! Wameipima! Hapo hapo posta!”

Mshona magunia hakuinua hata uso. “Hao wanaanza tu,” akasema. “Wa kule ndio wanamaliza.”

Jibu lilipofika kutoka Uingereza, juu ya karatasi ya kwanza palikuwa na maneno machache ya wino mwekundu: nimefaulu, na nijifunze kuchagua. Neno la kwanza nililisoma mara nyingi. Yale mengine niliyachukulia kuwa ni salamu.

Insha ya pili ilikuwa juu ya mvua, nami niliiandika nikiwa na homa. Ilikuwa nyembamba kama chapati ya mgonjwa. Ikarudi imeanguka. Sasa niambie, ungekuwa wewe ungetaka ushahidi gani zaidi?

Tangu hapo nikawa mfanyabiashara wa uzito. Katika pareto kuna mchezo unaojulikana na kila mtu wa milimani: maua yakishakauka, mjanja huyanyunyizia maji kidogo usiku wa kuamkia mnada, ili yakae vizuri kwenye mizani. Mwenye ghala letu aliwakamata wote kwa kunusa. Lakini nilijiuliza, Mwingereza atanusa insha? Basi asubuhi na mapema, kabla jua halijaruka mlima, nilizitundika karatasi zangu kwenye kamba nyuma ya nyumba niliyopanga Ilomba, zinywe ukungu.

Ilomba ya siku zile ilikuwa migomba na mashamba, na asubuhi zake hazikuwa na ukingo. Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza taratibu, ukafuta kwanza miti, kisha paa, kisha mimi. Nilisimama katikati ya weupe ule na kurasa zangu zikipumua kwenye kamba, na nilizisikia, nakuapia, nilizisikia zikinong'ona. Sentensi niliyoandika jana ilikuwa inajizungumza yenyewe upande ule, na nyingine ikaijibu upande huu. Nyakati kama hizo nilisahau mizani. Nilihisi kwamba nikinyoosha mkono kidogo tu nitagusa bega la mtu aliyeko ng'ambo ya bahari, anayengoja kusikia habari za soko letu.

Mama mwenye nyumba alinikuta hivyo siku moja akienda kuteka maji.

“Mwanangu,” akasema, “watu huanika ili vitu vikauke. Wewe unaanika ili vilowe?”

“Ndiyo, mama.”

“Ndiyo kusoma?”

“Ndiyo kusoma.”

Akatikisa kichwa akaingia kwenye ukungu. Nikasikia anacheka peke yake mpaka kisimani.

Jambo moja nitalisema kwa utulivu kidogo. Ukitaka kujaza karatasi nyingi, lazima utazame mengi. Siwezi kujaza kurasa kumi juu ya kiatu kama sijakitazama kiatu. Kwa hiyo nilitembea Mbeya nzima nikiwa na njaa ya macho. Nilijua jinsi kila mkulima anavyotua mzigo, nani anapiga goti, nani anaegemea ukuta kwanza. Nilijua harufu ya duka la vitambaa na ya duka la mafuta ya taa hata nikiwa nimefumba macho. Nyumbani tulisema Kinyakyusa, ghalani Kiswahili, na kwenye karatasi Kiingereza, na neno moja lilipokuwa linavuka kutoka lugha hii kwenda ile nililisubiri mlangoni kama mtu anayesubiri mgeni kwenye kituo cha basi, sijui atashuka amevaa nini. Nilikuwa nadhani nakusanya uzito tu.

Barua ya kuniita Iringa ilifika wakati wa baridi. Mwalimu alinishika mkono akasahau kuuachia. Tulitembea hivyo mpaka barabarani. Nilipata nafasi juu ya lori lililopakia mpunga wa Usangu, nikalala chali juu ya magunia, na njia nzima nikawa natazama mbingu ikivutwa nyuma kama shuka. Tulipofika Nyololo dereva alisimama tunywe chai. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maneno yetu yalitoka midomoni yakiwa yameganda, ikabidi tuyashikilie juu ya kikombe yayeyuke ndipo tusikilizane. Wapo watakaosema naongeza chumvi. Hawajafika Nyololo mwezi wa saba.

Iringa nilipokelewa na shangazi yake mwalimu, Mbena aliyeolewa na Mhehe, mwenye nyumba pembeni ya kilima ambako upepo ulipita ukiimba usiku kucha kwenye bati.

“Kamwene,” akanisalimu, na kabla sijajibu nikawa nimeshashika bakuli.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba kabla ya kuhojiwa nitapitia hospitali. Mtu mmoja kwenye lori alikwishanidokeza watakachonifanya kule: watanipima uzito. Nikashusha pumzi. Kumbe basi hawapimi insha tu, wanampima na mwandishi! Usiku ule nilikula ugali wa shangazi kama mtu anayejaza ghala. Alinipakulia, nikamaliza. Akanipakulia tena. Akaita jirani aje aone.

“Huyu mtoto wa Mbeya,” akamwambia jirani, “ama amepitiwa na njaa ya nchi nzima, ama anataka kunioa.”

Asubuhi nikameza na togwa, kibuyu kizima. Nilipopanda juu ya mizani ya hospitali nilishika pumzi, maana nilidhani pumzi nayo ina lake. Muuguzi akasoma, akanitazama, akasoma tena.

“Kijana, umekula mawe?”

“Nimejiandaa tu, dada.”

“Umejiandaa kwenda kusoma au kwenda kuchinjwa?”

Nilihojiwa mchana wa siku ile ile na bwana mmoja wa Kiingereza mwenye masharubu ya rangi ya mtama, katika chumba chenye dirisha lililoangalia bonde. Ugali na togwa vilikuwa vinajadiliana ndani yangu, na usingizi ulinishika mabega kama rafiki. Akaniuliza kwa nini nataka kuandika. Nilikuwa nimekariri jibu refu, la kutosha kufika Dodoma, lakini lilikuwa limezama. Likatoka lingine ambalo sikulijua.

Nikasema, “Kwa sababu nikitembea, maneno yananifuata kama mbuzi wanavyomfuata mtu mwenye chumvi. Nikikaa, wanakaa. Sijui niwapeleke wapi.”

Akatazama bonde kwa muda. Kisha akasema nitapata habari.

Habari ilinifikia Mbeya kupitia kwa mwalimu, aliyekuja nayo mbio ghalani, yeye mtu mpole asiyekimbia hata mvua. Nimechaguliwa. Mwenye ghala akafunga mlango siku nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sikukuu za dini yake wala za dini yetu. Mshona magunia alinishonea begi la turubai kwa mishono ile ile ya gunia la pareto, na wakati wa kuagana akanivuta pembeni.

“Wakitaka kupima,” akaninong'oneza, “waambie waifute sahani kwanza. Vumbi linadanganya.”

Uingereza nilishuka kituo cha garimoshi, kweupe bila jua, na kitu cha kwanza nilichokiona, nasema cha kwanza kabisa, kilikuwa mizani. Imesimama yenyewe ukutani, ndefu, nyekundu, na watu wazima wamevaa kofia wanapanga mstari kuipanda. Unatumbukiza sarafu, unasimama, inakutemea kikadi kidogo chenye maandishi. Kikadi chenye maandishi! Nikakaa juu ya begi langu nikatabasamu. Kaka hakunidanganya. Nchi hii uzito na maandishi vinakaa nyumba moja.

Chuo kilikuwa katika mji mdogo ambao moshi na ukungu vilikuwa vimeoana zamani. Nilitembea mitaa ile nusu nikiwa usingizini. Wakati mwingine nilikunja kona nikiwa na hakika kabisa kwamba upande wa pili nitaikuta barabara ya Ilomba, na mama mwenye nyumba akitoka na ndoo. Nikikunja, namkuta muuza maziwa. Tulisalimiana. Yeye alidhani mimi ni mtu mwenye furaha sana, na kwa kweli nilikuwa hivyo. Ila furaha yenyewe ilikuwa mbali, kama muziki wa arusi ya kijiji cha pili.

Mwalimu wetu wa uandishi alikuwa bibi mmoja mrefu, mwenye sweta lililotoboka kiwiko na penseli nyekundu. Kila juma tulimpelekea kazi. Ya kwanza nilimpa kurasa za kutosha kujengea kibanda. Akanirudishia mlango tu. Kurasa zote nyingine alizikata kwa penseli. Sikulala vizuri. Nilitazama yale machache aliyoyaacha, nikaona ni yale niliyoyaandika bila kujikaza: mkulima anayeegemea ukuta kwanza ndipo atue mzigo. Majani yote ya pembeni, vikonyo vyote, vumbi lote, vimekwenda.

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Hata sisi ghalani hatukupima pareto hivi hivi. Tuliipepeta kwanza. Maua yalipita kwenye chekeche, vijiti na majani vikaanguka, ndipo maua matupu yakapanda mizani. Kumbe bibi huyu anapepeta kabla ya kupima! Mbona hawakuniambia mapema?

Basi nikajifunza kupepeta. Mwanzoni iliniuma, kila neno nililolitoa nililiona likiniangalia kama mbuzi anayeuzwa. Lakini juma baada ya juma mkono ukazoea. Niliandika kurasa kumi, nikazitikisa, zikabaki tatu. Nilizitikisa tena. Bibi alianza kuacha penseli yake mezani akisoma, na siku moja nilimwona anatazama dirishani baada ya kumaliza, kama yule bwana wa Iringa alivyotazama bonde. Akaniambia, “Unaanza kuniamini.” Sikumwelewa. Nilifikiri anazungumzia chekeche.

Kazi ya mwisho, ile ya cheti, ilitangazwa majira ya baridi yanapoisha. Ukurasa mmoja. Usizidi. Na uandikwe kwenye karatasi ya chuo, ambayo ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiinyanyua kwenye mwanga unamwona mtu aliye ng'ambo.

Niliona giza. Hakuna karatasi nene, hakuna ukungu wa Loleza, maana ukungu wa kule ungeiyeyusha kabisa. Hakuna ndizi za kuongeza. Nilikaa chumbani kwangu karibu na kijiko cha moto walichokiita jiko, nikakaa tena, na mwisho nikamwandika baba yangu. Niliandika jinsi alivyorudi shambani jioni, akashuka mtoni, akaliosha jembe kwanza, mpini na bapa, akaligeuza, akaliosha tena, ndipo akaosha miguu yake. Hakuwahi kuosha miguu kwanza. Hakuwahi kusema kwa nini. Mimi mtoto nilikaa juu ya jiwe nikingoja zamu ya miguu ifike, na maji yalipokuwa yakipita jembe lile yalitoka mekundu, kisha hudhurungi, kisha yakawa maji. Basi. Hapo ukurasa ukaisha, nami sikuwa na la kuongeza, nikashtuka kwamba sikuwa na la kuongeza.

Nilikuwa nimepepeta mpaka hakuna gunia.

Nikaupeleka, nikarudi, sikula. Siku chache kabla ya majina kutolewa nilishindwa kuvumilia. Akilini nilimwona mwenye ghala akinifungulia mlango. Nilijiona narudi Mbeya bila cheti, nasimama tena kwenye sahani ile, nasoma ratili za maua ya watu wengine mpaka meno yang'oke. Nikaenda kubisha hodi kwa bibi.

Alikuwa peke yake, na ukurasa wangu ulikuwa juu ya meza, umelaliwa na kikombe cha chai ili usipeperuke. Nilipouona umezuiwa na kikombe, machozi yakanikaribia.

“Madamu,” nikasema, kwa Kiingereza changu cha jioni, “nimekuja kuomba jambo. Karatasi ya chuo ni nyepesi mno. Si kosa langu. Naomba ipimwe pamoja na bahasha.”

“Ipimwe?”

“Na kama kanuni zinaruhusu, ipimwe pamoja na ile ya juma lililopita. Na sahani ifutwe kwanza.”

Akaweka penseli chini. “Keti,” akasema. “Sahani ipi?”

Nikamweleza yote. Jumba, sahani za shaba, koleo, karani wa posta, muuguzi wa Iringa, mashine nyekundu ya kituoni. Nilieleza vizuri, nadhani, maana hakunikatiza. Mvua ndogo ilikuwa inapiga kioo. Nilingoja acheke, lakini hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa sweta, polepole, upande huu na upande huu.

“Nani aliyekuambia haya?”

“Mshona magunia, Madamu.”

“Anashona vizuri?”

“Hakuna anayemfikia, kutoka Mbeya mpaka Nairobi.”

“Basi aendelee kushona.” Akakinyanyua kikombe, akauchukua ukurasa wangu kwa ncha za vidole. “Sikiliza, ndugu. Hapa hakuna mizani. Haijawahi kuwapo. Kila ulichokiandika tangu ulipokuwa kwenu nimekisoma mimi, neno kwa neno, nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki. Huu nimeusoma jana, na leo asubuhi nikausoma tena, na chai ikapoa. Umefaulu. Sisi hatupimi. Tunasoma.”